Kuongeza Wi-Fi kwenye mtandao wa waya wa nyumbani bila kuingia gharama kubwa

Swali: Nyumbani nina modemu, ruta isiyo na Wi-Fi, swichi yenye poti nane, kompyuta tatu za mezani na printa. Vyote vimeungwa kwa kebo na havinisumbui. Tatizo ni simu na kompyuta za mkononi zilizoongezeka, nyingine hazina hata tundu la kebo. Ninunue ruta mpya ya Wi-Fi, ripita, au kadi ya kuchomeka kwenye kompyuta mojawapo ili irushe mtandao? Kabatini nina ruta ya zamani yenye Wi-Fi. Je, bado ina kazi? Sitaki kutumia fedha nyingi.

Jibu:

Anza na hiyo ya kabatini. Huenda usinunue chochote isipokuwa kebo moja.

Mtandao wako ni mzima, na kebo ambazo tayari zimepita ukutani ndizo sehemu ghali na ngumu kuliko zote. Unachokosa ni akses pointi, yaani kifaa kinachopokea mtandao kwenye kebo na kuurusha hewani, basi. Hakigawi anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao) wala hakiamui data ipite wapi kwenda intaneti. Kazi hizo zinabaki kwa ruta uliyo nayo. Simu inayoingia kupitia akses pointi inakuwa ndani ya mtandao uleule wa kompyuta zako: inaiona printa na kufikia mafaili uliyoyaweka wazi kwa wengine, sawa na kama ingechomekwa kwenye swichi.

Ruta ya Wi-Fi ya nyumbani ni vifaa vitatu ndani ya kasha moja: ruta, swichi ndogo na akses pointi. Ukiilaza ile sehemu ya ruta, zinabaki mbili unazozihitaji. Hilo ndilo tutakalofanya.

Ripita haikufai kwa sababu kazi yake ni kurudia Wi-Fi iliyopo, nawe huna ya kurudiwa. Hata wenye nayo hupata hasara: ripita inayopokea na kurusha kwa redio ileile huituma kila pakiti mara mbili, hivyo kasi hushuka hadi nusu hivi, wakati mwingine zaidi. Kadi kwenye kompyuta nayo inawezekana, lakini kompyuta hiyo italazimika kuwaka saa zote, Windows itakubali vifaa 8 tu kwa pamoja, na vifaa hivyo vitawekwa kwenye mtandao wao wa pembeni ambako printa haionekani kirahisi.

Kuikagua ruta ya zamani

Soma kibandiko cha chini na utafute viwango vya Wi-Fi inavyovijua. Ikiwa imeandikwa 802.11b/g tu, iache. Kilele chake cha kwenye karatasi ni megabiti 54 kwa sekunde, na kwa matumizi halisi hupati hata nusu yake. Ikiwa na 802.11n, kiwango cha mwaka 2009, inafaa kwa kuvinjari, ujumbe na video ya kawaida. Ikiwa na 802.11ac, ambayo siku hizi huitwa Wi-Fi 5, umebahatika: ina masafa ya 5 GHz na inatosha familia nyingi kabisa.

Jambo la pili ni usalama. Lazima iwe na WPA2 yenye AES, yaani njia ya kufunga mawasiliano ya Wi-Fi yasisomwe na wengine. Inayoishia kwenye WEP, njia ya zamani ya kazi hiyohiyo, isiwashwe kabisa, kwa maana WEP ilivunjwa tangu mwaka 2001 na programu za kuifungua ni za bure. Ingia pia kwenye tovuti ya mtengenezaji ukapakue toleo la mwisho la programu ya ndani ya kifaa hicho. Kama mtengenezaji ameshakitelekeza, angalia iwapo kinakubali OpenWrt, programu huria inayoweza kukipa uhai mpya. Vifaa vyenye flashi ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32 havina nafasi kwa matoleo ya sasa. Megabaiti 16 na 128 ndivyo vipimo vya kustarehe.

Tatu, poti. Zikiwa za megabiti 100, data halisi inayopita ni kama 94. Kifurushi chako cha intaneti kikiwa chini ya hapo, poti hizo hazikucheleweshi kwa lolote. Utaona tofauti unapohamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta za humo ndani tu. Usinunue ruta mpya kwa sababu hiyo peke yake.

Na kabla ya kuichomeka kwenye umeme, hakikisha adapta ni yake. Ruta za kabatini hupoteza adapta zao, na mtu huchukua yoyote ambayo kichwa chake kinaingia. Volti lazima zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye kibandiko, ziwe 9 au 12 au nyingine. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi ya zinazotakiwa. Zikipungua, ruta itawaka vizuri halafu itajizima na kuwaka upya Wi-Fi inapopata kazi nyingi, nawe utalaumu kila kitu isipokuwa adapta. Angalia pia mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati ya kichwa au pembeni. Ukigeuza, unaweza kuiunguza.

Kuigeuza iwe akses pointi

Tafuta kwanza namba za mtandao wako. Kwenye kompyuta ya Windows iliyo kwenye kebo, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, usome mstari wa "Default Gateway". Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako kuu. Tuseme ni 192.168.1.1. Ingia kwenye ruta hiyo kwa kivinjari, nenda kwenye ukurasa wa DHCP (huduma inayovigawia vifaa anwani za IP), uandike inagawa anwani kuanzia ipi hadi ipi. Tuseme kutoka 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199. Akses pointi yako itahitaji anwani nje ya fungu hilo lakini ndani ya mtandao uleule, na 192.168.1.2 inafaa. Kama ruta kuu ni 192.168.0.1, basi akses pointi itakuwa 192.168.0.2, namba tatu za mwanzo, zile zinazotenganishwa na nukta, lazima zifanane.

Sasa iwashe ruta ya zamani, ikiwa peke yake, bila kuiunga na swichi. Bonyeza kitundu cha Reset kwa pini, sekunde 10 hadi taa zibadilike, ili mipangilio ya zamani ifutike. Chomoa kompyuta moja kutoka kwenye mtandao wa nyumbani, uiunge kwa kebo kwenye mojawapo ya poti za LAN (za vifaa vya ndani) za ruta hiyo. Usiruke hatua hii ya kuitenga. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani 192.168.1.1, sawa na ile kuu. Ukizichanganya kabla ya kuibadilisha, kompyuta zitamkuta mwenye anwani hiyo leo huyu, kesho yule, na hutaweza hata kuingia kwenye ukurasa unaoutaka.

Ingia kwenye ukurasa wake kwa anwani na nenosiri lililoandikwa kwenye kibandiko. Kabla ya lolote, tafuta kama kuna chaguo la "Access Point Mode" au "AP Mode". Likiwapo, lichague: litazima DHCP na uelekezaji lenyewe, na kwa vifaa vingi utaruhusiwa kutumia poti yoyote, hata ya WAN (ile ya kuelekea intaneti). Kumbuka tu kwamba baada ya hapo kifaa kinaweza kuomba anwani kutoka kwa ruta kuu, kwa hiyo anwani yake mpya utaiona kwenye orodha ya vifaa ndani ya ruta kuu. Wengi hudhani kimeharibika kwa sababu anwani ya zamani haifunguki tena.

Chaguo hilo lisipokuwapo, fanya kwa mkono, na mpangilio wa hatua una maana. Kwanza weka jina la Wi-Fi, usalama na nenosiri lake. Pili badilisha nenosiri la kuingilia kwenye ukurasa wa mipangilio. Tatu badilisha anwani ya LAN iwe 192.168.1.2, kinyago cha mtandao ("Subnet Mask") kibaki 255.255.255.0. Ukihifadhi, ukurasa utakatika, ni kawaida. Chomoa na kuchomeka tena kebo ya kompyuta, ingia upya kupitia 192.168.1.2. Nne, na mwisho kabisa, zima DHCP. Ukiizima mapema, kompyuta yako inaweza kukosa anwani kabla hujamaliza kazi. Ikikutokea, ipe kompyuta anwani kwa mkono, mfano 192.168.1.50 na kinyago 255.255.255.0, utaweza kuingia. Ukimaliza irudishe kwenye kupokea anwani yenyewe.

Hapo ndipo unapovuta kebo kutoka kwenye swichi yako kuja kwenye poti ya LAN ya ruta ya zamani. Ya LAN, si ya WAN. Ile ya WAN, ambayo mara nyingi ina rangi tofauti, ibandike utepe ili mtu mwingine asije akaisogezea kebo akidhani anasaidia.

Jaribio ni fupi. Unga simu, fungua maelezo ya mtandao huo kwenye mipangilio yake. Anwani yake iwe kati ya 192.168.1.100 na 199, na lango (gateway) liwe 192.168.1.1. Ikiwa hivyo, kazi imekamilika. Piga chapa ukurasa mmoja kutoka kwenye simu, ufurahi.

Isipokwenda sawa

Makosa karibu yote ya kazi hii yana dalili zake, na ukizisoma vizuri hutahitaji kubahatisha.

Intaneti ipo kwenye simu, lakini printa haionekani, na anwani ya simu inaanza na namba tofauti na za kompyuta zako: kebo iko kwenye poti ya WAN. Sehemu ya ruta ingali hai, umejenga mtandao ndani ya mtandao, na matangazo ambayo simu hutuma kutafuta printa hayavuki ruta. Hamishia kebo kwenye LAN na uzime DHCP. Ikiwa anwani ni sahihi lakini printa bado haionekani, tafuta mpangilio unaoitwa "AP Isolation" au "Client Isolation" na uuzime, kisha hakikisha hukuingia kwenye mtandao wa wageni.

Simu inazunguka bila kupata anwani, au kompyuta ya mkononi inaonyesha anwani inayoanza na 169.254: ombi la anwani halimfikii mgawaji. Angalia taa ya poti kwenye swichi. Ikiwa imezimika, kebo ndiyo mbovu. Ikiwaka, umezima DHCP kote kuwili, au kebo ingali kwenye WAN.

Dalili inayosumbua watu kuliko zote ni hii: siku ya kwanza kila kitu ni kizuri, kisha kesho yake kompyuta moja ya mezani inakosa intaneti, jioni nyingine, huku nyingine ziko sawa. Hapo DHCP mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Kifaa kinapowashwa huuliza kwa sauti mtandao mzima nani atampa anwani, na hulichukua jibu linalotangulia kufika. Ruta ya zamani ikijibu kwanza, humwambia lango ni 192.168.1.2, lango ambalo halielekei popote. Vifaa vilivyopata anwani kabla ya mabadiliko huendelea vizuri kwa saa nyingi, ndiyo maana tatizo huchelewa kujitokeza na watu hulihusisha na mtoa huduma. Andika ipconfig kwenye kompyuta iliyokwama. Ukiona lango ni 192.168.1.2 umempata mkosaji. Kumbuka pia kwamba mtu akiibonyeza Reset ruta hiyo siku yoyote, DHCP yake itarudi kuwaka.

Na mtandao mzima ukifa mara moja, taa zote za swichi zikipepesa kwa pamoja bila kupumzika, kuna kitanzi: kebo mbili zimeunga swichi na akses pointi, au kebo moja imeanzia na kuishia kwenye swichi ileile. Swichi za bei nafuu hazina njia ya kukigundua. Chomoa moja.

Iwekwe wapi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu hununua kifaa chenye nguvu zaidi ilhali cha kwanza kilikuwa chini ya meza, nyuma ya kompyuta, kwenye kona ya nyumba. Akses pointi haina sababu ya kukaa karibu na ruta. Ina kebo, na kebo inaweza kufika hadi mita 100. Ipeleke katikati ya eneo ambalo watu hukaa na simu, juu ya kimo cha kichwa, mbali na kabati la chuma, kioo kikubwa, tangi la maji na jokofu. Zege yenye nondo hula mawimbi vibaya, hasa ya 5 GHz. Ukuta wa mbao au ubao wa jasi hauna shida. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi karibu na 2.45 GHz na huchafua masafa ya 2.4 ikiwa inawaka, kwa hiyo jikoni si mahali pake.

Antena za nje zisimame wima ikiwa unataka kufikia vyumba vya ghorofa moja. Antena ya fimbo hurusha zaidi kuelekea pembeni kuliko juu na chini; ukiielekeza ncha yake kwenye chumba unachokilenga, unakinyima.

Pima, usikadirie. Zipo programu za simu za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba hasi ambayo ikikaribia sifuri ndivyo inavyokuwa bora. Tembea nayo nyumba nzima. Kwenye -50 uko vizuri sana. Hadi -67 simu za video hupita bila kukatika. Ukifika -75 kurasa hufunguka kwa kusuasua, na -80 ni kupoteza muda. Kila upungufu wa dB 3 ni nguvu kugawanyika nusu, kwa hiyo kuisogeza akses pointi mita mbili upande wa pili wa ukuta kunaweza kukusaidia kuliko kununua nyingine.

Kuongeza nguvu ya kurusha hadi mwisho si dawa. Mazungumzo ni ya pande mbili, na redio ya simu ni dhaifu kuliko ya akses pointi. Simu itaonyesha mistari yote ya mawimbi huku majibu yake hayafiki.

Kuhusu chaneli, kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 na upana wa 20 MHz. Chaneli zimepishana kwa 5 MHz tu, kila moja ikihitaji kama 20, kwa hiyo hizo tatu ndizo zisizokanyagana. Ukikuta majirani wamejaa kote, usijifiche kwenye 3 au 8. Vifaa vilivyo chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Vilivyo chaneli za jirani huonana kama kelele tu, na wote mnaumia. Upana wa 40 MHz kwenye masafa haya utaongeza namba kwenye skrini na kupunguza utulivu. Kwenye 5 GHz nafasi ni kubwa: anza na chaneli 36 hadi 48, upana wa 80 MHz. Chaneli za kuanzia 52 hadi 144 kifaa hulazimika kwanza kusikiliza iwapo kuna rada, kwa kawaida sekunde 60, na kikisikia rada huhama. Ndiyo maana Wi-Fi ya 5 GHz ya watu wengine hupotea ghafla na kurudi. Weka nchi yako sahihi kwenye mipangilio, kwani chaneli na nguvu zinazoruhusiwa hufuata sheria za nchi.

Kufunga mlango

Chagua WPA2 yenye AES, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama kifaa kinao. Usiache chaguo la TKIP, njia ya zamani ya kufunga mawasiliano: mbali na udhaifu wake, linailazimisha 802.11n kushuka hadi megabiti 54. Nenosiri la WPA2 huwa na herufi 8 hadi 63. Weka zaidi ya 15. Maneno manne au matano yasiyohusiana hukumbukika na ni magumu kukisia. Zima WPS, njia ya kuunga kifaa kwa kitufe au PIN badala ya nenosiri. PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa kwa vipande viwili na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata, jambo lililowekwa hadharani mwishoni mwa mwaka 2011, na ruta nyingi za kabatini ni za umri huo. Kuficha jina la mtandao au kuorodhesha anwani za MAC (namba ambazo vifaa hutoka nazo kiwandani) zinazoruhusiwa hakumzuii mtu anayejua anachofanya; usitumie muda wako huko.

Mtandao wa wageni unahitaji tahadhari. Kwenye ruta kuu, wageni hutengwa na ruta yenyewe. Ukiugeuza mfumo kuwa akses pointi, vifaa vingi vya bei nafuu huwarusha wageni moja kwa moja ndani ya mtandao wako wote, ingawa jina ni jingine. Ingia kama mgeni, kisha jaribu kufungua ukurasa wa printa kwa anwani yake ya IP. Ukifunguka, huna mtandao wa wageni, una jina la pili tu.

Pale ambapo kebo haifiki

Ninaposema kebo, namaanisha Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Zipo kebo rahisi ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika zikikunjwa na hupoteza nguvu kwenye umbali mrefu. Ikate, ikwangue uzi mmoja kwa kisu: ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, irudishe. Ukifunga vichwa mwenyewe, mpangilio wa pande zote mbili uwe huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kupanga rangi jozi kwa jozi kwa sababu inaonekana nadhifu ni kosa baya, kwani kijaribio cha taa kitasema kebo ni nzima, ila jozi za katikati zitakuwa zimetenganishwa na data itapotea njiani. Usiibane kebo pamoja na waya wa umeme kwenye bomba moja.

Poti mbili za gigabiti zikikubaliana kwenye megabiti 100 badala ya 1000, kuna uzi umekatika au haukukaa kwenye kichwa. Gigabiti hutumia jozi zote nne, megabiti 100 hutosheka na mbili, kwa hiyo kebo yenye jeraha huendelea kufanya kazi kwa unyonge bila kukuambia.

Ukuta usipokubali kutobolewa, jaribu adapta zinazopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme, moja karibu na ruta, nyingine penye akses pointi. Zichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni, hasa yenye kinga ya umeme unaopanda ghafla, kwa kuwa kinga hiyo huyameza mawimbi yake. Soketi mbili zilizo kwenye fezi tofauti zinaweza zisionane kabisa. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya nadharia; chukulia sehemu ndogo tu ya namba hiyo, na ununue mahali utakapoweza kurudisha. Kama nyumba ina kebo nene za zamani za televisheni zinazopita vyumbani, adapta za MoCA, zinazopitisha mtandao kwenye kebo hizo, hufanya vizuri zaidi sana, ingawa bei yake iko juu.

Ukilazimika kununua

Ruta ya kabatini ikishindwa ukaguzi, nunua akses pointi au ruta ya Wi-Fi 5 au 6 yenye masafa mawili, poti za gigabiti, na chaguo la AP lililotajwa waziwazi kwenye mwongozo. Usivutwe na namba kama AC1200. Hiyo ni jumla, iliyokadiriwa kwa juu, ya megabiti 300 za 2.4 GHz na 867 za 5 GHz, na hakuna simu itakayozipata zote. Antena sita na taa nyingi hazikuongezei kitu. Moja ya kawaida iliyowekwa mahali pake huishinda ya ghali iliyo kwenye kona, na zikiwa mbili za kawaida, kila moja kwenye kebo yake, huwezi kuzilinganisha.

Ukiweka hizo mbili, zipe jina moja, nenosiri moja na aina moja ya usalama, ila chaneli tofauti, na anwani tofauti za IP, mfano 192.168.1.2 na 192.168.1.3. Simu ndiyo inayoamua ihame lini, si akses pointi. Ikiwa inang'ang'ania ya mbali, punguza nguvu ya kurusha ya zote mbili.

Akses pointi za dari hupokea umeme kwenye kebo ileile ya mtandao. Chagua zinazofuata 802.3af, ambamo chanzo hutoa hadi wati 15.4 baada ya kuuliza kifaa kama kinaupokea. Zipo nyingine za volti 24 ambazo humwaga umeme bila kuuliza. Kebo hiyo ikichomekwa kwa makosa kwenye kompyuta au printa, poti yake inaweza kuungua. Ziandike kebo hizo kwa utepe mwekundu pande zote mbili.

Kompyuta za mezani ziache kwenye kebo. Kila kifaa kinachobaki kwenye waya kinaziachia simu nafasi hewani. Kompyuta ya mkononi ya zamani isiyo na Wi-Fi itatosheka na adapta ya USB ya masafa mawili. Ikiwa unatumia Linux, tafuta kwanza jina la chipu yake, si jina la boksi, kwa sababu boksi moja hubadilishwa chipu ndani kimyakimya. Usiichomeke adapta hiyo kando ya diski ya nje ya USB 3.0. Poti na kebo hizo hutoa kelele kwenye 2.4 GHz, na kipande cha ekstensheni ya USB cha nusu mita hulimaliza tatizo.

Kabla ya kuifunga ruta ukutani, bandika juu yake karatasi yenye anwani yake ya IP, hifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta, na ndani ya ruta kuu iwekee printa anwani isiyobadilika, kwa kuwa simu zitakazoanza kuitumia zitaipoteza mara tu anwani yake itakapohama.